Inchi Nne za Chokaa

Toledo, Ohio
30 Novemba 1986

Dada Wanda,

Kwenye bahasha nimeandika Sista Benedikta ili barua isipotee huko konventi, lakini humu ndani utabaki Wanda. Nilikujua ukiwa huna meno ya mbele.

Tumefungwa tena, na nadhani ulisikia kwenye redio ya jikoni. Mara kumi na moja sasa, na ushindi wetu ni ule ule wa mara mbili. Kufungwa nimezoea. Ila leo nimeona jambo ambalo sijaliona kwa miaka kumi na tisa niliyobeba mnyororo wa kupimia pembeni mwa uwanja wa mpira wa Kimarekani: watu wetu wenyewe walishangilia tulipoangusha mpira. Nusu yao walikuwa wamevaa mifuko ya karatasi kichwani, ile ya dukani, wametoboa matundu ya macho. Zamani mtu alivaa mfuko kwa aibu. Sasa wanavaa kwa furaha.

Sababu unaijua. Timu itakayoshika mkia ndiyo itakayochagua kwanza mwezi wa nne vijana wanapotoka vyuoni, na safari hii anatoka Trent Halloran, mrushaji wa mpira ambaye wanasema anazaliwa mmoja kila miaka ishirini. Basi mji mzima unaomba timu yetu ya Mafundi Vioo ifungwe. Hata kocha naona ameambiwa kitu. Mrushaji wetu mzuri amekaa benchi wiki ya tatu, eti mgongo unamuuma, na juzi nilimwona anabeba jokofu la kaka yake ngazini.

Mimi sipendi. Nafundisha useremala. Nikimwambia mwanafunzi akate ubao ovyo leo ili mwakani nimpe msumeno mzuri, mkuu wa shule atanifukuza, na atakuwa na haki.

Mke wangu Irene anakusalimu.

Mdogo wako,
Kaz


Konventi, karibu na Fort Wayne, Indiana
6 Desemba 1986

Mdogo wangu Kaz,

Nimekusoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti huku namenya viazi, na bado nasema umekosea. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na mmoja, kwa hiyo nisikilize.

Wamebakiza mechi tatu. Wakishinda zote watakuwa na ushindi mara tano, na hakuna mtu atakayekumbuka. Wakifungwa zote wanampata Halloran, na Halloran akicheza miaka kumi, hiyo ni miaka kumi ya Jumapili njema kwa mji ambao kiwanda chake cha vioo kinapunguza watu kila mwaka. Jumapili tatu chungu, mia moja na zaidi tamu. Mwanafunzi wangu wa darasa la nne angekupa jibu bila kutumia vidole. Babu alikufa hajaiona timu hii ikichukua kombe. Baba vivyo hivyo. Wewe una miaka hamsini na sita na goti bovu.

Usiniambie habari za mbao. Ubao haufungwi wala haushindi.

Halafu wewe si ndiye mwenye kile kibanio cha kwenye mnyororo? Kisogeze kidogo tumalize kazi. Natania, na usimwonyeshe paroko wako barua hii.

Dada yako,
Wanda


Toledo
15 Desemba 1986

Dada Wanda,

Tumefungwa mara kumi na tatu. Imebaki mechi moja, Jumapili hii, hapa hapa nyumbani. Tukifungwa, Halloran ni wetu. Tukishinda tunaangukia nafasi ya nne, na anakwenda kwa wengine.

Hesabu yako imenikaa kichwani wiki nzima, na sasa nakubaliana nawe. Daktari ameniambia goti lina misimu miwili, labda mitatu, kisha basi. Watu wa mnyororo haturuhusiwi kushangilia, unajua, lakini ningependa angalau msimu mmoja nisimame pale kwa timu inayostahili kunyamaziwa. Sikuwahi kumwambia mtu hivyo, hata Irene.

Kuhusu kibanio, ulitania, ila hata hujui kinavyofanya kazi, kwa hiyo nikueleze mwalimu mwenzangu. Timu ina majaribio manne ya kusogea yadi kumi; ikifika inapewa mengine manne, isipofika mpira unakwenda kwa wapinzani. Mnyororo ni wa yadi kumi, na fimbo ya rangi ya chungwa kila upande. Unalala pembeni mwa uwanja. Kila hesabu mpya ya majaribio inapoanza, mimi nabana kibanio kwenye mnyororo pale unapokatiza mstari mweupe wa karibu, kwenye ukingo wa nyuma wa mstari. Mwamuzi akitaka kupima, tunauingiza mnyororo uwanjani, mimi naweka kibanio juu ya ukingo ule ule wa nyuma, wenzangu wanavuta, na fimbo ya mbele inaonyesha kama mpira umefika. Kwa hiyo fimbo si kitu. Kila kitu kinategemea kibanio. Mstari wenyewe una upana wa inchi nne za chokaa.

Leonard Haas, mkuu wetu sisi wa mnyororo, huwa anasema sisi ndio watu pekee uwanjani ambao hawana upande.

Kaz


Konventi
18 Desemba 1986

Kaz,

Haraka haraka kabla posta haijachukua mifuko. Nimekuwekea kipande cha ule mkate mwembamba wa Mkesha wa Krismasi. Umevunjika kona kwa sababu Sista wa posta ana mikono mizito. Mvunjie Irene kwanza, ndipo ule.

Nashukuru kwa somo la kibanio. Nimeamini kwamba hata kazi ya kusimama inahitaji akili. Jumapili nitakuwa kando ya redio, na ninyi fungweni vizuri.

Wanda


Toledo
23 Desemba 1986

Dada Wanda,

Utakuwa umesikia. Tumeshinda, ishirini kwa kumi na saba. Jana gazeti liliandika kwamba tumeshinda kama wajinga. Watu walitupa mifuko yao ya karatasi uwanjani, na mmoja ulikuwa na mchanga.

Ninachokuandikia hakikutangazwa redioni, na naomba ukichome ukishasoma.

Zikiwa zimebaki dakika mbili tulikuwa nyuma kwa pointi nne, mpira ni wetu. Hesabu mpya ilianza. Niliinama nikabana kibanio, Wanda, na nilikibana kwenye ukingo wa mbele wa mstari badala ya ukingo wa nyuma. Kwa makusudi. Nilitaka mnyororo ukiingia uwanjani uende mbele inchi nne, ili kama itafikia kupima watu wetu wapungukiwe. Nilisema moyoni kwamba pengine hakutakuwa na kupima, na kwa hiyo si kitu. Kisha nikageuka, nikajifanya napuliza mikono kwa baridi.

Jaribio la nne, imebaki yadi moja. Royce Tillery, yule mnene wetu wa mstari wa mbele, mwenye miaka thelathini na nne na magoti mabovu kuliko langu, alisukuma watu wawili peke yake, na mwenye mpira akapita chini ya kwapa lake. Lundo zima. Mwamuzi akatuita tupime.

Niliingia na kibanio changu nikakiweka kwenye ukingo wa nyuma, kama sheria inavyotaka. Tillery alikuwa bado chini karibu nami, tope hadi kwenye meno. Akanishika mkono wa koti ili ainuke, akaniambia, "Samahani, mzee." Samahani, kwa sababu alinichafua koti.

Wakavuta mnyororo. Mpira ulikuwa umepita fimbo kidogo sana. Watu wetu wakapewa majaribio mapya, wakafunga, tukashinda.

Nilirudi nyumbani nikidhani Mungu amenizuia. Nilishukuru hata. Kisha jana asubuhi nilichukua kamba na chaki karakanani kwangu nikarudia nilichofanya, na hapo ndipo nilipokaa chini. Ukibana mbele, mnyororo hauendi mbele. Unarudi nyuma. Lile tundu la mnyororo lililokuwa juu ya ukingo wa mbele unalirudisha kwenye ukingo wa nyuma, na fimbo inarudi nalo. Mwalimu wa kupima mbao kwa miaka thelathini, nimekosea upande. Nilitaka kuwanyang'anya inchi nne, nikawapa.

Kwa hiyo nimedanganya mara mbili kwa tendo moja. Nimewaibia wageni mechi, na nimeuibia mji wangu Halloran. Tillery wenzake walimbeba juu juu, na sijui kama alikuwa anabebwa kwa haki.

Niambie la kufanya. Padri siwezi kumwambia, kaka yake yuko kwenye timu ya wapimaji akiba.

Kaz


Toledo
19 Januari 1987

Dada Wanda,

Wiki nne hujajibu. Irene anasema ni theluji inayochelewesha posta. Mimi najua theluji ya Indiana haina wiki nne.

Kama umenikasirikia, sema. Nimezoea kukaripiwa nawe tangu niko mdogo kiasi cha kuvaa sketi zako za zamani. Kunyamaziwa ndiko sijazoea.

Shuleni wanafunzi wananiuliza kwa nini hatukufungwa. Kwa kinyozi watu wanamtukana Tillery, wanasema ana kichwa cha chuma na ndani yake chuma pia. Mimi nakaa kwenye kiti nimefungwa shuka, sisemi neno.

Kaz


Konventi
16 Februari 1987

Mdogo wangu Kaz,

Sikukasirika. Niliona haya. Ni mimi niliyekuandikia ukisogeze, na nikaongeza kwamba natania, kama vile neno hilo linafuta lililotangulia. Nilikufanyia hesabu ya Jumapili tamu na chungu, na ndani ya hesabu yangu yote hapakuwa na mtu hata mmoja mwenye tope kwenye meno. Barua yako niliisoma kanisani kwa sababu sikutaka kuisomea jikoni. Sijaichoma. Nimeiweka ndani ya kitabu cha sala, na nikifungua pale naanza upya kuona haya.

Jambo la pili lililonichelewesha ni hili. Mzazi wa mwanafunzi wangu anapokea gazeti la Toledo, nikamwomba toleo la tarehe ishirini na mbili. Ilichukua wiki tatu kulipata. Kuna picha ya kupimwa kule, imepigwa ubavuni, mpira na fimbo vinaonekana sawasawa. Nilikuwa na tumaini kwamba mpira ulipita kwa mbali, hata inchi nne zako ziwe bure. Nikachukua rula na kioo cha kukuzia.

Mpira una urefu wa inchi kumi na moja. Kwenye picha una milimita ishirini na mbili. Pua yake imepita fimbo kwa milimita nne.

Ni inchi mbili, Kaz. Nimepima mara sita. Ungekibana kibanio inavyotakiwa, wangepungukiwa inchi mbili, na mechi ingeisha pale. Nilifikiria kutokuandikia hili, nikaona nimeshakudanganya vya kutosha kwa mizaha.

Nenda kwa Leonard Haas umwambie kila kitu. Usiniandikie tena kwanza. Nenda, ndipo uniandikie.

Dada yako anayekupenda, na ambaye kosa hili ni nusu lake,
Wanda


Toledo
4 Machi 1987

Dada Wanda,

Leo ni Jumatano ya Majivu, nina msalaba wa majivu kwenye paji na nakuandikia nikitabasamu, jambo ambalo paroko asingelipenda.

Barua yako nilikaa nayo wiki mbili. Siku tatu za mwanzo sikula vizuri. Nilijua nikimwambia Leonard kazi yangu imekwisha, na pengine jina langu litatoka gazetini, na wanafunzi wangu watajua mwalimu anayewakaripia kwa nusu inchi aliuza inchi nne. Jana, Jumanne, nilipanga foleni ya yale maandazi ya jemu ya siku ya mwisho kabla ya Kwaresima, nikanunua kumi na mbili, nikayabeba hadi kwake. Nilidhani ni vigumu kumfukuza mtu mwenye maandazi mkononi.

Leonard alikuwa karakanani kwake anapaka mafuta mnyororo. Ndiyo, anaupeleka nyumbani kila msimu ukiisha, kama mbwa. Unajua alikuwa mkaguzi kiwandani, kazi yake ilikuwa kupima vioo vilivyokwisha kupimwa na watu wengine. Nilimwambia nikiwa nimesimama. Nilimwambia ukingo wa mbele, makusudi, kukosea upande, picha, rula, inchi mbili. Sikukutaja.

Alimaliza andazi lake. Akachukua la pili. Kisha akasema, "Nilikirudisha."

Sikuelewa, nikamwomba arudie.

"Kibanio. Nilikirudisha kwenye ukingo wa nyuma. Ulikuwa umegeuka unapuliza mikono. Nilidhani ni baridi."

Wanda, amekuwa akikagua kibanio changu kila mara nikishakibana, kwa miaka kumi na tisa, tangu siku yangu ya kwanza. Hakuwahi kuniambia kwa sababu hakuwahi kukuta kosa. Ile Jumapili ilikuwa mara ya kwanza. Nilimuuliza mara tatu kama ana uhakika, na mara ya tatu alitoa daftari kwenye droo akanionyesha. Robo ya nne, dakika mbili, kibanio kimesahihishwa, baridi kali. Kwa penseli.

Zile inchi mbili zilikuwa halali. Zilikuwa zao.

Niliketi juu ya ndoo ya rangi nikalia kama mtoto, sikuona haya. Mwili mzima ulikuwa mwepesi. Leonard alinitazama akaendelea kupaka mafuta. Baadaye akasema kwamba mwezi wa nane nitashika fimbo ya nyuma, na kibanio atampa mtu mwingine. Nilikubali kabla hajamaliza. Nilidhani nitaambiwa nisikanyage uwanjani tena. Nilipofika mlangoni aliniambia nimwachie maandazi yaliyobaki.

Leo nimekwenda kuungama vilevile, kwenye parokia ya ng'ambo ya mto. Nilichofanya nilikifanya, hata kama kilirudishwa. Lakini nimekula, Wanda. Nimekula samaki wawili na viazi vyote, na Irene ananitazama kama mgeni.

Choma ile barua sasa.

Kaz


Konventi
9 Machi 1987

Kaz,

Imechomwa, kwenye jiko la jikoni, na nimebandika sufuria ya supu juu yake.

Niliposoma neno "nilikirudisha" niliketi kwenye ngazi za kuelekea kufulia, Mama Mkuu akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, ni kinyume chake. Nimefurahi hata miguu inaniuma.

Nimemwandikia Bwana Haas kadi ya asante. Sikueleza ya nini. Mtu anayekagua miaka kumi na tisa bila kusema atajua mwenyewe.

Hesabu yangu ya Jumapili mia moja naifuta ubaoni.

Wanda


Toledo
3 Mei 1987

Dada Wanda,

Halloran amekwenda. Jumanne iliyopita timu ya pwani ilimchukua kwanza, kama ilivyotarajiwa. Sisi kwa nafasi ya nne tumepata kijana wa mstari wa mbele kutoka Nebraska mwenye shingo pana kuliko kichwa. Kwa kinyozi wanasema miaka mingine kumi ya msiba. Huenda. Nilikuwa kwenye kiti, na safari hii nilisema kwamba kijana anaonekana hodari. 

Lakini ninachotaka kukueleza ni cha jana. Nilipeleka gari kutolewa matairi ya theluji, nimechelewa kama kila mwaka. Duka liko kule Mtaa wa Lagrange, na aliyetoka na jeki mkononi alikuwa Royce Tillery. Timu ilimwachisha kazi mwezi wa pili. Ile mechi ya Desemba ndiyo ilikuwa yake ya mwisho. Shemeji yake ndiye mwenye duka.

Hakunijua mpaka alipofungua tairi la pili. Akaniangalia koti, akasema, "Wewe ni mzee wa mnyororo."

Nikasema ndimi.

Akalegeza nati za tairi la tatu. Kisha akaniambia kwamba hakuna siku inayopita bila mteja kumwambia kwamba ile yadi yake imewanyima Halloran. Alisema hilo hajali, alilipwa asukume na alisukuma. Linalomuuma ni lingine. Shemeji yake anasema hawakufika. Anasema mwamuzi aliwapa tu kwa sababu ilikuwa Krismasi, na sasa anawaambia wateja hivyo, na watu wanacheka. Royce amekuwa akijiuliza tangu hapo, kwa sababu yeye alikuwa chini ya watu sita na hakuona kitu. Miaka kumi na mmoja ya kucheza, na hajui kama jambo la mwisho alilofanya lilikuwa kweli.

"Wewe ulikuwa umesimama pale pale," akasema. "Niambie tu. Sitakasirika."

Wanda, fikiria kama angeniuliza mwezi wa kwanza.

Nikamwambia, "Mlifika. Kwa inchi mbili. Ilipimwa na mtu ambaye hajawahi kukosea."

Aliinuka kwa shida, ameshika goti, tairi bado liko chini. Akaenda mpaka mlango wa ofisi akaufungua, na nikamsikia anamwambia shemeji yake, polepole, kama anayesoma kitu kilichoandikwa, "Inchi mbili. Mzee wa mnyororo yuko hapa nje. Njoo umuulize mwenyewe."

Na yule shemeji akaja, akaniuliza, nami nikamtazama machoni nikamjibu.

Mdogo wako,
Kaz